Kuwafunza Watoto Msuko wa Sauti

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Magogoni, Kisauni



Tumeombwa na Halmashauri tueleze habari za darasa la muziki la Jumamosi, ambalo chama chetu kililipia gharama zake mwaka huu kwa ajili ya watoto wa shule za msingi wa hapa Magogoni. Katika hesabu zilizo mbele yenu mtaona imeandikwa bei ya kayamba sita, ngoma tatu, na chaki. Si fedha nyingi. Lakini mwanachama mmoja alituuliza, na haki ya kuuliza alikuwa nayo, chama cha ustawi kina haja gani ya kununua kayamba ilhali wako watoto mitaani wasio na sare wala madaftari. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu tuliyompa siku ile. Leo twataka kumjibu tena, wala hatutamjibu kwa kuusifu muziki kwa jumla, maana sifa za jumla hazinunui daftari. Tutaeleza jambo moja tu tulilowafunza watoto, namna tulivyolifunza, na kosa tulilolitenda sisi wenyewe kabla hatujajua kulifunza.

Jambo lenyewe twaliita msuko wa sauti. Kwa Kiswahili halijapata jina moja lililozoeleka. Waingereza huliita kwa neno lile lile walitumialo kuelezea kitambaa jinsi kilivyofumwa, na neno hilo walilitoa katika Kilatini, ambako asili yake ni kufuma. Nasi watu wa pwani hatukuhitaji kusafiri hadi Rumi kutafuta mfano. Mama zetu husuka ukili, na ukili ukishonwa huwa mkeka. Chane moja ya mwaa ikilala peke yake, jicho laiona yote tangu mwanzo hata mwisho. Hivyo ndivyo ilivyo sauti moja iimbayo bila ya kuchukuliwa na nyingine. Chane moja iliyotiwa rangi ikipitishwa kati ya chane nyeupe, jicho huifuata ile yenye rangi, na zile nyingine huwa kama uwanja wa kuchezea. Hivyo ndivyo aimbavyo mtu mmoja huku wenziwe wakimwitikia au ala zikimbeba. Na chane zote zikiwa na rangi zao, kila moja yapita juu ya mwenziwe, kisha yapita chini, yaonekana, yafichika, yaonekana tena, wala haipotei. Hizo ni sauti nyingi zilizo sawa kwa heshima, kila moja na njia yake. Msuko wa sauti, basi, ni habari ya sauti ngapi zasikika kwa wakati mmoja, na kila moja yamfanyia nini mwenziwe.

Mtoto wa miaka tisa aweza kulifahamu hili kwa asubuhi moja, lakini si kwa kuambiwa. Twakiri kwamba Jumamosi ya kwanza tulimwambia. Tuliandika ubaoni, tukasoma, watoto wakasoma nyuma yetu, wakanakili, na walipoulizwa wakajibu vyema. Kisha tukawapigia wimbo, tukauliza ndani yake mna sauti ngapi. Mmoja akajibu mbili, mwingine mia. Walikuwa wameyashika maneno, na masikio yao yangali mlangoni. Tukafuta ubao.

Jumamosi ya pili tuliwaimbisha watoto wote, yapata arobaini, wimbo mmoja, kwa sauti moja, na kwa nguvu zao zote, hata mabati yakatetemeka. Tukawauliza: mwasikia chane ngapi? Wakapiga kelele: nyingi! Kisha tukamsimamisha msichana mmoja aimbe wimbo ule ule kwa sauti ya chini, na mwenziwe akapiga kayamba kwa mwendo usio ule wa wimbo. Tukauliza tena. Hapo wakanyamaza kidogo, na mmoja akasema pole pole, “Sasa ndizo nyingi.” Hilo ndilo lango la somo zima, na mwalimu asiyelipita hana budi kurudi nyuma. Watoto hudhani ya kwamba sauti kubwa ndiyo sauti nyingi. Watu arobaini waimbao wimbo mmoja kwa pamoja ni chane moja tu, ingawa nene. Watu wawili wenye njia mbili ni chane mbili, ijapokuwa wananong’ona.

Liko kosa la pili ambalo ni ndugu wa lile la kwanza. Mvua ikinyesha juu ya mabati ina mlio wake, na ikinyesha juu ya makuti ina mlio mwingine. Watoto wetu wajua sana tofauti hiyo, nao hupenda kuieleza, na mtoto mmoja alitushikilia karibu robo saa akituigizia mvua ya kila namna. Lakini hiyo ni rangi ya sauti, si msuko wake. Nzumari na fidla zikipiga wimbo mmoja kwa pamoja, rangi ni mbili na njia ni moja. Mwalimu asipotenganisha mambo haya mapema, mtoto atayachanganya mpaka ukubwani, na twafahamu watu wazima kadhaa, miongoni mwao wenye vyeti, ambao wangali wanayachanganya.

Ili kuyafunza masikio tulitumia sakafu. Watoto walikaa chini, kila mmoja na kipande cha chaki, wakafumba macho. Wakisikia sauti moja, mkono uchore mstari mmoja, upande na kushuka kama sauti ipandavyo na kushuka. Sauti ya pili ikiingia, mkono wa pili uanze kazi. Ikiwa sauti mbili zaenda pamoja, mistari yaenda sambamba kama njia ya reli. Ikiwa moja yasimama na nyingine yatembea, sakafu yaonyesha hivyo. Ikiwa zakimbizana, mistari yakatana. Tulipofumbua macho tulikuwa na sakafu iliyojaa michoro ambayo haikuhitaji kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kila mtoto aliutazama wake, akautazama wa jirani, wakabishana. Mabishano yale yalikuwa mazuri. Mmoja alisema, “Wewe hukuisikia ngoma ya chini,” na mwenziwe akataka wimbo upigwe tena ili asikie. Ni mara chache katika shule zetu mtoto kuomba somo lirudiwe.

Sasa tuje kwenye kosa letu, ambalo tulisema tutalitaja.

Miaka michache kabla ya darasa hili, baadhi yetu tulisaidia kuitayarisha kwaya ya shule moja kwa mashindano ya muziki. Katika kwaya hiyo alikuwamo mvulana wa miaka kumi hivi, aliyelelewa na bibi yake upande wa Kaloleni kabla ya kuletwa mjini. Sauti yake ilikuwa nzuri na yenye nguvu, lakini alikuwa na ada moja iliyotuudhi. Wimbo ulikuwa wa kiongozi na waitikiaji, na kila mara kiongozi alipokaribia mwisho wa maneno yake, mvulana huyu aliingia na kuitikia kabla kiongozi hajamaliza. Tulimwambia angoje. Akangoja mara moja, mara ya pili akaingia tena. Tukamwambia hajui kuhesabu. Siku zilipokwisha, na tukihofia kushindwa, tulimwambia neno ambalo watu wengi walio hapa wamewahi kuambiwa wakiwa wadogo: wewe fungua kinywa tu, usitoe sauti.

Akafanya kama alivyoambiwa. Alisimama mstari wa mbele, maana alikuwa mfupi, akafungua kinywa na kufunga kwa adabu, na kwaya ikasifiwa. Bibi yake alikuja kusikiliza. Baadaye alitujia, akatusalimu vizuri, akauliza bila ya ukali wowote, “Wanangu, mjukuu wangu mlimpa kazi gani?” Hatukuwa na jibu la kumpa.

Ilichukua muda mrefu mpaka tukalielewa lile tulilolinyamazisha. Tulialikwa arusini kwa jamaa wa upande ule ule, tukakaa usiku kucha karibu na ngoma. Tukasikia kiongozi akiimba, na waitikiaji wakiingia kabla hajamaliza, wote kwa pamoja, na kwa makusudi. Kwa kitambo kifupi sana sauti mbili zilikuwa hewani pamoja, moja ikiondoka na moja ikifika, na katika kitambo hicho ndimo mlimokuwa na utamu wa wimbo wote. Mwisho wa chane moja ulikuwa umelalia mwanzo wa nyingine, kama msusi afanyavyo anapounga ukili ili usikatike. Mvulana yule hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa akihesabu vizuri kuliko sisi, akiunga ukili, nasi tuliokuwa walimu tukauona kuwa ni fujo, kwa sababu masikio yetu yalikuwa yamefundishwa namna moja tu ya kupangana, yaani huyu amalize ndipo yule aanze.

Mwanachama aliyetuuliza habari ya kayamba, jibu letu laanzia hapa. Tulimchukua mtoto aliyekuwa na elimu, tukamwambia hana. Na ikiwa twafanya hivyo katika wimbo, ambao waweza kusikika na kila mtu, yatupasa kujiuliza twafanya hivyo mara ngapi katika hesabu na kusoma, ambako makosa yetu hayasikiki.

Basi, turudi darasani. Baada ya kuyafungua masikio tulihitaji mifano, na hapa kazi ilikuwa nyepesi, maana Mombasa ni mji uliojaa misuko ya kila namna, na mtoto hana haja ya kununuliwa kitabu. Watoto wana mchezo ambao mmoja hutaja majina ya wanyama na wengine humjibu kama analiwa au haliwi. Huo ni msuko wa kuitana na kuitikiana, nao wauchezea njiani kila siku. Katika arusi husikia chakacha, ambamo kwa desturi chapuo ndogo hushika mwendo wa haraka, vumi huweka sauti nzito ya chini, na msondo mrefu husema yake juu ya hizo. Tulizigawa kazi hizo tatu kwa makundi matatu, wakapiga kwa viganja juu ya madawati kabla ya kuruhusiwa kugusa ngoma. Kundi la kwanza lilipiga peke yake mpaka likachoka, na lilionekana si kitu. Likaongezwa la pili, watoto wakaanza kutikisa vichwa. Likaingia la tatu, na hapo hapo mwendo ukapotea, kwa kuwa kila mtoto alivutwa na mwendo wa jirani yake. Hili lilitokea Jumamosi tatu mfululizo. Kuushika mwendo wako na huku ukisikia wa mwenzio, bila ya kuuacha wako na bila ya kuuziba wake, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, nasi hatujui kazi nyingine shuleni ambayo humfunza mtoto jambo hilo hilo kwa dhahiri namna hii.

Kwa ugumu huo tulipata msaada kutoka Uganda. Baganda wana marimba iitwayo amadinda, yenye mbao kumi na mbili, ipigwayo na watu watatu. Wa kwanza hupiga sauti zake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, akikaa upande wa pili, hupiga zake katikati ya zile za kwanza, kila pigo lake likiangukia penye nafasi ya mwenziwe. Zikichanganyika kwa kasi, msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Zimezaliwa kati yao. Naye wa tatu, mwenye mbao mbili tu za mwisho, kazi yake ni kuusikiliza wimbo mmoja uliojificha humo na kuutoa nje. Marimba hatuna. Lakini tuliwaketisha watoto wawili wawili wakitazamana, mmoja apige kofi na mwenziwe apige paja katika nafasi zilizobaki, na baada ya kuzoea wakasikia ule mwendo wa tatu usio wa yeyote. Msichana mmoja aliacha kupiga akatazama nyuma yake kuona nani ameingia. Hatujacheka hivyo kwa siku nyingi.

Taarabu iliwapa mfano wa namna nyingine, na tuliupenda sana, ingawa watoto walitaka warudi kwenye ngoma. Katika taarabu ya kale ya mji huu, mwimbaji huimba, na udi na fidla huufuata wimbo wake. Hazimwigi neno kwa neno. Udi hauwezi kuivuta sauti kama koo, kwa hiyo huirudia kwa nyuzi; fidla huteleza pale mwimbaji alipopanda kwa hatua. Wote wamo katika njia moja, lakini kila mtu na nyayo zake. Kisha mwimbaji akinyamaza, ala hujibu, na umoja ule hukunjuka. Tuliwapigia watoto sauti ya marehemu Zein l’Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kupiga udi hapa Mombasa hata alipofariki mwaka 2016, na ya marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye harmoniamu na mahadhi ya Kihindi vilisikika sana katika nyimbo zake. Tuliwataka wachore. Wengi walichora mstari mmoja mnene. Mtoto mmoja alichora mistari mitatu iliyokaribiana sana, ikigusana na kuachana, nasi tukauacha mchoro wake usifutwe sakafuni mpaka Jumamosi iliyofuata.

Kwa sauti zipandazo na kushuka pamoja kama watu waliovaa sare, mfano u karibu nasi pia. Hapa hapa Kisauni, Frere Town, wamisionari wa Kiingereza walianzisha mwaka 1875 makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyopaacha mahali pale na jina la Kengeleni. Kuimba tenzi kwa sauti nne, mbili za juu na mbili za chini, zikitamka neno moja kwa wakati mmoja, ni ada iliyoenea pwani pamoja na makanisa. Watoto waendao kanisani waliutambua msuko huo mara moja. Watoto wengine waliusikia kuwa mgeni. Na hilo nalo lilikuwa somo.

Lakini mfano uliowagusa wote, wa dini zote na makabila yote, ulikuwa ule waimbao kila Jumatatu na Ijumaa mbele ya bendera. Wachache miongoni mwao walijua ya kwamba sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitoka huku huku pwani, katika wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana ambao mama humbembelezea mtoto. Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyeutoa, na mwaka 1963 kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, wakautengeneza ukawa wimbo wa taifa. Tafadhalini, fikirini safari hiyo. Ulianza kwa mama mmoja na mtoto mmoja, bila ya ala, pengine usiku, sauti pweke kabisa. Leo huimbwa na kwaya kwa sauti nne, hupigwa na bendi za tarumbeta na ngoma mbele ya maelfu. Wimbo ni ule ule. Uliobadilika ni msuko.

Wimbo wa taifa hauchezewi, nasi hatukuuchezea. Watoto walisimama wima, wakauvumisha bila maneno. Kwanza mmoja peke yake, kwa utulivu, kama mwenye mtoto mgongoni. Kisha wote kwa sauti moja. Kisha nusu yao wakashika sauti moja ya chini isiyotoka mahali pake, na nusu wakauimba juu yake. Mwisho tukawasikilizisha kwaya ya watu wazima. Tukawauliza ni upi walioupenda. Tulidhani watasema ule wa mwisho, kwa kuwa ni mkubwa. Zaidi ya nusu walisema ule wa kwanza. Mtoto mmoja alitoa sababu: “Ule unamjua mtoto mwenyewe.” Hatukuongeza neno.

Yatupasa sasa kusema habari ya wazazi, maana hapa palikuwa na mgogoro, wala hautakwisha kwa kuufunika. Juma la nne wazee watatu walikuja kutuuliza kwa nini watoto waliotoka chuoni asubuhi wanapigishwa ngoma kabla ya adhuhuri. Walikuja kwa heshima na tuliwapokea kwa heshima. Wako wazazi katika Magogoni ambao hawaoni ubaya katika ngoma. Wako wakubalio tari na kasida lakini si zaidi. Na wako wasiotaka ala yoyote. Chama hiki ni cha wote. Tulikubaliana ya kwamba mtoto ambaye mzazi wake hataki ala atafunzwa kwa sauti na makofi tu, na ya kwamba wakati wa adhana darasa hunyamaza, wala kisomo cha Kurani na adhana havitatajwa kamwe kama mifano ya muziki. Na hapa tulijifunza jambo. Wale watoto wa sauti na makofi hawakubaki nyuma. Kwa kuwa hawakuwa na kayamba za kujificha nyuma yake, walisikiliza kwa makini zaidi, na katika kuimba kwa kufuatana, kundi moja likianza na jingine likianza wimbo ule ule baadaye kidogo, wao ndio waliokuwa wa kwanza kufika mwisho bila ya kupotea. Zoltán Kodály, mwalimu na mtunzi wa Hungaria aliyefariki mwaka 1967, alishikilia kwamba mtoto aanze na koo lake mwenyewe, na nyimbo za nchi yake, kabla ya chombo chochote. Sisi tulilifikia kwa njia ya wazee watatu wa Magogoni.

Kuhusu shule zenyewe tutasema machache. Katika mtaala mpya ulioanza kuenezwa mwaka 2019, muziki wa shule ya msingi umefungwa pamoja na sanaa za mikono, na mwalimu huyo huyo hutakiwa kuchora, kufinyanga na kuimba. Hatuwalaumu walimu. Mwenye darasa la watoto sitini na kipindi kifupi atafanya lile liwezekanalo, na liwezekanalo kwa haraka ni kuwaimbisha wote kwa sauti moja. Ndiyo sababu tulidhani ya kwamba Jumamosi ya chama yaweza kuchukua lile ambalo kipindi hakina nafasi nalo. Walimu wawili wa shule za karibu walikuja kutazama, na mmoja wao ameanza kutumia chaki na sakafu katika darasa lake. Tulimpa chaki zetu zilizobaki. Hili pia mtaliona katika hesabu.

Kuhusu yule mvulana, wengine wenu mtataka kujua. Yuko shule ya sekondari sasa, amerefuka. Tulimtafuta, tukamweleza kwamba tulikosa, na tukamwomba aje awaongoze waitikiaji wetu. Alitusikiliza kwa adabu ile ile. Amekuja mara mbili. Mara zote mbili alikaa nyuma, karibu na dirisha, akapiga kayamba vizuri sana, na hakuimba. Mara ya pili watoto walipoimba wimbo wa kuitikia, na kiongozi akakaribia mwisho wa maneno yake, tulimwona akivuta pumzi kabla ya wengine wote. Kisha akaitoa bila sauti. Hatukumwambia kitu. Tumemwambia tu kwamba Jumamosi ipo.

Bwana Mwenyekiti, kayamba mbili kati ya sita zimepasuka matete, na mbegu zimemwagika. Fundi amekubali kuzitengeneza bila malipo ikiwa tutamletea matete wenyewe. Twaomba pia sahani au sinia ya shaba iliyokwisha kutupwa, kwa kuwa watoto wameuliza habari za upatu, nasi hatuna wa kuwaonyesha. Darasa hukutana kila Jumamosi baada ya chuo, saa nne asubuhi. Mzazi atakaye kuja asikilize, aje. Mikeka ipo, naye atapewa chaki.